Barua Isiyo na Muhuri: Uhakiki wa Istilahi za Usalama wa Intaneti, kwa Kurejelea Kisumu na Mwambao wa Ziwa

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuzipima istilahi mpya kwa kuangalia jinsi zilivyoundwa: kama neno limekopwa, limefasiriwa, au limejengwa kwa mizizi ya lugha yenyewe. Mizani hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Ziko istilahi ambazo hazina budi kupimwa pia kwa jambo zinalomtendea mtu anayezisoma akiwa peke yake, mbele ya skrini ndogo ya simu, bila mwalimu wala kamusi. Istilahi za usalama wa intaneti ni za kundi hili. Mwanafunzi akikosea maana ya neno "kiima" atapoteza alama katika mtihani. Mchuuzi wa samaki akikosea maana ya neno "thibitisha" aweza kupoteza akiba ya msimu mzima.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nne za aina hiyo, nazo ni "barua pepe", "thibitisha", "mtandao" na "udukuzi". Mahali palipochaguliwa ni Kisumu na mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Uchaguzi huu una sababu mbili. Kwanza, Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi hapa. Ni lugha ya soko, ya kituo cha magari, ya shule na ya ofisi, nayo huishi bega kwa bega na Kidholuo na Kiingereza. Kwa hiyo neno la Kiswahili halipati sana msaada wa mazoea ya nyumbani. Yapasa lijieleze lenyewe. Pili, Kisumu tangu mwanzo imekuwa mwisho wa njia ndefu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mawasiliano ya leo yanafuata mwelekeo ule ule, maana mikongo ya chini ya bahari iliyofika Kenya, yaani TEAMS na SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ilitua Mombasa kwanza kabla ujumbe haujasafiri nchi kavu kuelekea magharibi. Aliye mwisho wa njia ndiye mwenye haja kubwa ya kujua barua yake imepita mikononi mwa nani.

Hoja itakayotetewa ni kwamba Kiswahili cha usalama wa intaneti, kama kinavyotumika sasa, humtwisha msomaji wajibu wote wa kujithibitisha, na papo hapo humficha mtumaji na mchukuzi wa ujumbe. Kasoro hiyo si ya lugha yenyewe. Kiswahili cha barua kilikuwa na msamiati wa kumdai mtumaji uthibitisho muda mrefu kabla ya kompyuta, na msamiati huo umeachwa kando bila sababu.

2. Barua na upepo

Istilahi "barua pepe" imepata mafanikio makubwa, na mafanikio hayo yanastahili kukubaliwa kabla ya kuhojiwa. Ni fupi, inatamkika, na imekubaliwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar bila ugomvi. Wasemaji wengi huhusisha "pepe" na kupepea au upepo, wakaielewa kuwa ni barua ipaayo. Taswira hiyo inaeleza vizuri wepesi wa ujumbe, lakini haielezi kitu kingine chochote. Zaidi ya hayo, inaashiria jambo lisilo kweli, maana upepo hauna mwenyewe, hauna kituo, wala haupokezani mzigo.

Barua pepe haipai. Inachukuliwa. Kompyuta ya mtumaji huikabidhi kwa kompyuta nyingine, nayo huikabidhi kwa ya tatu, hadi ifike kwenye sanduku la mpokeaji. Utaratibu huo wa kupokezana uliwekwa katika kanuni iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, na msingi wake ungali ukitumika. Kanuni hiyo ilitungwa katika jumuiya ndogo ya watafiti waliojuana, na kwa hiyo haikudai kwamba mtumaji athibitishwe. Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe, na kanuni ya mwanzo haikuwaagiza wachukuzi walihakiki. Mtu aweza kuandika jina la benki, la chuo kikuu au la wizara, na barua ikafika.

Na ilinganishwe hali hiyo na desturi ya barua katika Kiswahili. Barua za Kiswahili za kale zinazojulikana ni pamoja na zile za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa. Katika mapokeo ya uandishi huo, barua ilikuwa na umbo lililomlazimu mwandishi ajitaje na amtaje anayemwandikia, ndipo aingie katika haja yake. Baadaye maneno yakaongezeka kwa kadiri ya mahitaji: anwani, bahasha, sahihi, muhuri, stempu, rejista, stakabadhi, tarishi. Kila neno katika orodha hiyo linajibu swali la usalama. Sahihi yajibu nani ameandika. Muhuri wajibu ni kwa mamlaka ya nani. Bahasha iliyofungwa yajibu kama barua imefunguliwa njiani. Tarishi ni nani aliyeileta, na stakabadhi ni ushahidi kwamba imefika.

Mwenyeji wa Kisumu, Siaya au Homa Bay anaujua msamiati huo kwa vitendo. Anayekwenda kuomba kitambulisho cha taifa, au msaada wa karo kwa mtoto wake, aghalabu hutakiwa kupeleka barua ya chifu, na barua hiyo ikikosa muhuri hurudishwa naye. Halaumiwi mpokeaji kwa kuikataa. Yasemwa barua haijakamilika. Hapa ndipo taswira ya upepo ilipoleta hasara: ilimpa mtu huyo huyo, mwenye ujuzi wa muhuri, aina mpya ya barua ambayo jina lake halimkumbushi hata kidogo kuuliza muhuri uko wapi.

3. Neno "thibitisha" na mzigo wake

Neno linalotumika mahali pa muhuri ni "thibitisha". Limetokana na "thabiti", lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiwe imara au kukionyesha kuwa ni kweli. Katika Kiswahili cha intaneti limebebeshwa angalau kazi nne. Mtumiaji huambiwa athibitishe kuwa yeye ndiye mwenye akaunti. Huambiwa athibitishe kuwa ameamua kutenda jambo, kama vile kutuma fedha. Mfumo humwarifu kuwa jambo limethibitishwa, yaani limekwisha kutendeka. Na hatimaye huambiwa kuwa barua au mtumaji amethibitishwa. Dhana hizi nne hazifanani, na katika mbili za kwanza mtu ndiye anayetoa ushahidi, ilhali katika mbili za mwisho yeye ndiye anayepewa.

Ushahidi wa hatari hii hauko mbali. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na katika ujumbe wake wa Kiswahili neno "Imethibitishwa" limekuwa alama ya kwamba fedha zimepita. Sokoni, neno hilo limechukua nafasi ya risiti. Lakini neno si risiti. Walaghai walitambua mapema kwamba yeyote aliye na simu aweza kuliandika, ndipo ukazuka ulaghai unaojulikana sana: mtu hupokea ujumbe wenye sura ya kawaida, neno "Imethibitishwa" likiwa mahali pake, kisha hupigiwa simu na kuombwa arudishe fedha "zilizotumwa kwa makosa". Fedha hizo hazikutumwa kamwe. Muhuri huwa muhuri kwa sababu si kila mtu aweza kuupiga. Neno ambalo kila mtu aweza kuliandika haliwezi kufanya kazi hiyo, hata lingekuwa zito namna gani.

Katika barua pepe hali ni ya hatari zaidi, kwa kuwa amri hugeuzwa. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, barua inayomfikia katibu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo huko Usenge au Mbita, ikidai kutoka ofisi ya serikali na kumwambia: "Thibitisha akaunti yako kabla ya saa 24, la sivyo itafungwa." Kwa sarufi yake, sentensi hiyo haina kosa. Kwa mtindo wake, inafanana kabisa na barua halali, maana barua halali nazo humwamuru msomaji athibitishe. Lugha imemzoeza katibu kwamba mwenye kudaiwa ushahidi ni yeye. Haikumpa sentensi ya kawaida, iliyo tayari ulimini, ya kumjibu mwandishi: "Jithibitishe wewe kwanza."

Linalosikitisha ni kwamba ufundi wenyewe umekwisha kusonga mbele kuliko lugha. Tangu miaka ya 2000 ziliundwa taratibu tatu zinazomdai mtumaji ushahidi, nazo hujulikana kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza humwezesha mwenye jina la intaneti kutangaza hadharani orodha ya kompyuta alizoziruhusu kutuma barua kwa jina lake. Kompyuta isiyo katika orodha hiyo ni tarishi asiyetumwa. Ya pili hupiga kwenye kila barua alama ya kihisabati inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri, na kila mpokeaji aweza kuikagua kwa ufunguo mwingine uliotangazwa. Barua ikiguswa njiani, alama hukataa kulingana. Huo ni muhuri kwa maana kamili ya neno. Ya tatu, iliyotangazwa mwaka 2012, humwezesha mwenye jina kuwaagiza wapokeaji la kufanya na barua zisizopita ukaguzi: wazipokee, waziweke kando, au wazikatae. Vilevile hukagua kama jina lililothibitishwa ndilo lile linaloonekana na msomaji. Mwezi Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wa barua nyingi wazitumie taratibu zote tatu.

Kwa maneno mengine, wajibu umehamishwa kutoka kwa msomaji hadi kwa mwenye jina. Ofisi yoyote, shule yoyote na chama chochote cha ushirika kando ya ziwa chenye jina lake la intaneti chaweza kuulizwa: je, mmetangaza orodha ya matarishi wenu? Mmepiga muhuri? Mmeagiza za kughushi zikataliwe? Maswali hayo yanaeleweka kwa Kiswahili cha kila siku. Yakifichwa chini ya kauli moja, "uthibitishaji wa barua pepe", hayaulizwi na mtu.

Tena kuna kasoro ya pili katika neno hilo: linaahidi mengi kuliko ufundi unavyotoa. Barua "iliyothibitishwa" husikika kama barua ambayo maneno yake ni ya kweli. Lakini taratibu hizi huthibitisha asili tu. Mlaghai aliyesajili jina lake mwenyewe, linalokaribiana na jina la benki kwa herufi moja, aweza kuzifuata zote tatu na kupita ukaguzi. Muhuri wake ni halali. Yeye ndiye si mtu wa kuaminiwa. Ndiyo maana yafaa msomaji afundishwe pia kusoma anwani kuanzia mwisho. Katika anwani ya intaneti mamlaka yako upande wa kulia, kama vile mtu anavyojitaja kwa jina lake, kisha la babake, kisha la ukoo. Majina yaishiayo kwa .go.ke yametengewa serikali ya Kenya na .ac.ke vyuo vya elimu ya juu, ilhali neno lolote la kuheshimika laweza kutangulizwa upande wa kushoto na mtu yeyote.

4. "Mtandao" na "udukuzi": maneno yasiyo na mtenda

Ikiwa "thibitisha" humwelemea msomaji, "mtandao" humfichia mchukuzi. Neno hili limetokana na kitenzi "tanda", na kwa asili ni neno zuri. Sasa lina maana ya intaneti yote, ya nguvu ya mawimbi ya simu, ya kampuni ya simu, ya mahali pa kusoma habari, ya mahusiano ya kijamii, na hata ya genge la wahalifu. Matokeo yake ni sentensi inayosikika kila siku katika ofisi na maduka ya mwambao: "Mtandao umepotea." Sentensi hiyo ina kiima lakini haina mtenda. Kosa laweza kuwa katika simu, katika mnara wa Mfangano usio na umeme, katika waya uliokatwa barabarani, au katika kompyuta ya ofisi ambayo haikutunzwa. Mwananchi huambiwa neno moja kwa yote, na kwa hiyo hana wa kumwuliza.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwa Afrika Mashariki, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Hilo lilikuwa tukio la chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka Dunga. Kwa mtumiaji wa Kisumu lilielezwa kwa sentensi ile ile itumikayo wakati duka la jirani limekosa umeme. Lugha iliyo na "mkongo", "mnara", "kituo" na "waya" haina sababu ya kuridhika na "mtandao" peke yake. Wavuvi hawasemi tu kwamba "uvuvi umeharibika". Husema kama ni wavu uliochanika, ni mtumbwi unaovuja, ama ni injini iliyozima.

"Udukuzi" una kasoro inayofanana na hiyo. "Kudukua" kwa asili ni kunyemelea siri au kusikiliza maneno ya wengine kwa kificho, na kwa wizi wa siri neno hilo linafaa sana. Lakini limepanuliwa hadi kufunika kila shambulio. Mwezi Julai 2023 tovuti ya eCitizen, ambayo kwayo Wakenya hupata huduma nyingi za serikali, ilishambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Serikali ilikiri shambulio na kukana kwamba data zimeibwa. Ilieleza kuwa mfumo ulielemewa na maombi mengi kupita kiasi. Ikiwa ndivyo, kilichotokea hakikuwa kudukua. Yalikuwa mafuriko. Hakuna Wakenya wanaolielewa neno hilo kuliko wakazi wa uwanda wa Kano karibu na mto Nyando, au wa Budalang'i karibu na mto Nzoia: mafuriko hayaibi kilicho ndani ya nyumba ili kukitumia, bali hufanya mlango usifikike. Swali la mwananchi baada ya kudukuliwa ni "siri yangu iko kwa nani?" Swali lake baada ya mafuriko ni "kwa nini tuta halikujengwa?" Kuyaita yote mawili udukuzi ni kumfanya aulize swali lisilofaa.

Hali kadhalika kwa ulaghai wa barua za kughushi. Wasemaji wa Kiingereza waliuita kwa neno la uvuvi, wakalibadili tahajia tu. Kiswahili kinao uvuvi wake, na mwambao wa ziwa unao zaidi. "Barua ya chambo" lingekuwa jina wazi: kuna chambo, kuna ndoana ndani yake, na kuna anayeshika mshipi asiyeonekana. Tofauti na "hadaa" au "ulaghai wa mtandaoni", jina hili linamrudisha mtenda katika sentensi.

5. Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa, kwanza, kwamba tatizo si maneno bali ni elimu, na kwamba wanaojua Kiingereza vizuri nao hulaghaiwa. Ni kweli kwamba hakuna istilahi iwezayo kumkinga kila mtu. Hata hivyo elimu yenyewe hutolewa kwa maneno. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa kimtandao, na ile ya mwaka 2019 ya kulinda data, zimetungwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Haki ambayo mwenye haki hana neno la kuitajia ni vigumu kudaiwa.

Pili, yaweza kusemwa kwamba tofauti za istilahi hazina madhara, kwa kuwa Kiswahili kimeishi na tofauti siku zote. Samaki aitwaye mbuta Kisumu huitwa sangara Mwanza, na omena wa Kisumu ndiye dagaa wa Mwanza, wala biashara haijasimama. Mfano huo unastahili kuangaliwa vyema, kwa maana unathibitisha kinyume chake. Majina ya samaki yaweza kutofautiana bila hasara kwa sababu samaki mwenyewe yuko kapuni na kila mtu anamwona. Ufunguo wa siri hauonekani. Yule anayesoma "nywila" mahali pamoja, "nenosiri" mahali pengine, na "namba ya siri" pa tatu, hana kapu la kuchungulia ili ajue kama ni kitu kimoja au vitatu. Kitu kisichoonekana hakina chochote cha kushikwa isipokuwa jina lake.

6. Hitimisho

Uhakiki huu hauombi "barua pepe" ifutwe. Neno lililokwisha kukubaliwa na umma halifutwi na wasomi, wala halipaswi. Linaloombwa ni kwamba msamiati wa kale wa barua urudishwe kazini pembeni yake. "Thibitisha" liachiwe kazi moja, ya mtu kuthibitisha uamuzi wake mwenyewe. Kwa mtumaji kuonyesha ametoka wapi, "utambulisho wa mtumaji" latosha. Alama ya kihisabati iitwe "muhuri", kompyuta zilizoruhusiwa ziitwe "matarishi", na amri ya kukataa barua za kughushi iitwe "agizo la mwenye jina". Hakuna hata moja kati ya maneno haya lililoundwa upya. Yote yanafahamika katika ofisi ya chifu.

Kazi hii ni ya idara za lugha kabla ya kuwa ya wahandisi. Vyuo vikuu vilivyo karibu na ziwa, Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, vina uwezo wa kuyapima maneno haya kwa wasomaji halisi: wachuuzi, makatibu wa vikundi, wanafunzi wanaongoja barua za udahili. Matokeo yao yafaa yafikishwe kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, kwa kuwa ziwa ni la nchi tatu na walaghai hawaheshimu mipaka. Kipimo kiwe rahisi. Mtu asomeshwe ilani ya usalama kwa Kiswahili, kisha aulizwe ni nani katika ilani hiyo anayedaiwa ushahidi. Akijibu kwamba ni yeye peke yake, ilani hiyo haijakamilika, na yafaa irudishwe kwa aliyeiandika kama irudishwavyo barua isiyo na muhuri.